Kugawanyika si Tatizo, Tatizo ni Kutosimama

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliombwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Meno yamelegea, uso umepoteza umbo. Kwa kawaida uvimbe wa taya huanzia mahali pamoja, basi iweje huu utokee pembe zote nne? Baadaye Burkitt alipokwenda Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali ileile, na alipompima alikuta uvimbe hadi tumboni. Mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote kwa binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Nyama ya mwili hupata wapi nguvu ya kujizidisha hivyo? Jibu halianzii kwenye ugonjwa. Linaanzia kwenye mwili mzima wenye afya, ambao nao una uwezo huohuo na huutumia kila siku.

Kila seli ina mama yake

Seli haijiundi kutokana na maji wala chakula tu. Kila seli iliyopo imetoka kwenye seli iliyoitangulia, jambo ambalo Mjerumani Rudolf Virchow alilisisitiza mwaka 1855 hadi likawa msingi wa elimu ya tiba. Kila mtu alianza akiwa seli moja: yai la mama lililorutubishwa na mbegu ya baba. Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuwa trilioni 30 au zaidi. Tutafikaje huko kutoka kwenye moja?

Tupige hesabu. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Ukirudia mara 10 unapata seli 1,024. Mara 20, zimepita milioni. Mara 30, zimepita bilioni. Mara 45, zimepita trilioni 35. Mambo hayaendi hivyo hasa mwilini, kwa sababu seli hazigawanyiki zote kwa pamoja na nyingi hufa njiani, lakini hesabu inatufundisha jambo la kukumbuka hadi mwisho: kinachoongezeka maradufu huanza taratibu, karibu kisionekane, kisha hufumuka.

Kugawanyika hakukomi tunapomaliza kukua. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujengwa upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho wa mifupa hulazimika kutoa mpya takriban milioni 2 kila sekunde. Kinyume chake, seli nyingi za ubongo na za misuli ya moyo ni nadra kugawanyika tena. Kila sehemu ina kiwango chake.

Mtu akijikata kidole, seli za kingo za kidonda huanza kugawanyika na kusogea. Zikikutana katikati, zinasimama. Ngozi haiendelei kurundikana juu ya kidole. Huko kusimama tunakuona kuwa jambo la kawaida, kumbe kuna mashine nzima inayokusimamia, na mashine hiyo ndiyo inayoharibika katika saratani.

Siku moja ya seli

Kwanza tuone seli inakabiliwa na kazi gani. Ndani ya kiini chake kuna kromosomu 46, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Kromosomu zimetengenezwa kwa DNA, uzi mrefu wenye maelekezo yaliyoandikwa kwa kemikali za aina nne, ambazo wanasayansi huziita herufi. Seli moja ina herufi takriban bilioni 6. Uzi wote ukinyooshwa hufikia karibu mita 2, nao umekunjwa ndani ya kiini ambacho upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita.

Kabla ya kugawanyika, seli lazima inakili herufi hizo zote mara moja, bila kuruka wala kurudia. Halafu igawe nakala hizo ili kila seli binti ipate kromosomu 46 kamili, wala si 45 wala 47.

Hatua ya kugawa ilichorwa kwa makini na Walther Flemming, Mjerumani aliyezitia rangi seli za salamanda, mnyama wa kundi moja na vyura, na kuzitazama kwa hadubini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1882. Nyuzi za DNA hujikunja hadi zinakuwa nene na kuonekana. Kila kromosomu imeshanakiliwa, kwa hiyo huonekana kama pacha wawili walioshikana. Pacha hao hujipanga katikati ya seli. Kamba nyembamba za protini hutoka ncha mbili za seli, hushika kila jozi kutoka pande zote mbili, kisha huvuta. Pacha mmoja huenda huku, mwenzake kule. Seli hujibana kiunoni, zinakuwa mbili. Jina alilolipa tendo hili, mitosisi, ndilo tunalotumia hadi leo.

Seli za binadamu zinazokuzwa maabara humaliza mzunguko mzima kwa takriban saa 24, na mitosisi yenyewe huchukua kama saa moja tu. Muda uliobaki ni wa maandalizi: kukua, kunakili DNA kwa saa 8 hivi, na kukagua. Vituo vikuu vya ukaguzi ni vitatu. Cha kwanza, kabla ya kunakili, huuliza: je, kuna amri ya kugawanyika, kuna chakula cha kutosha, na DNA haijavunjika? Cha pili, baada ya kunakili: je, kazi imekamilika na haina dosari? Cha tatu, katikati ya mitosisi: je, kila jozi imeshikwa na kamba za pande zote mbili? Jibu likiwa hapana, seli husubiri.

Hamira iliyotoka kwenye pombe

Lakini nani huuliza maswali hayo, ilhali seli haina macho wala akili? Jibu lilipatikana kwa viumbe ambao hakuna aliyewatarajia.

Mwaka 1893 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Lindner alieleza hamira aliyoipata kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, na jina la kisayansi la hamira hiyo ni Schizosaccharomyces pombe. Hugawanyika kwa kukatika katikati, hivyo ukipima urefu wa seli unajua imefika hatua gani ya mzunguko. Katika miaka ya 1970, Paul Nurse aliitumia huko Edinburgh kutafuta jeni zinazoamua wakati wa kugawanyika. Aliona kwamba jeni moja, cdc2, ikiharibika kwa namna fulani, hamira hurefuka tu isigawanyike; ikibadilika kwa namna nyingine, hugawanyika mapema ingali fupi. Huko Marekani, Leland Hartwell alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hamira ya mikate kwamba mzunguko wa seli huendeshwa na jeni maalumu.

Mwaka 1982 Mwingereza Tim Hunt alikuwa akichunguza mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miba, anayechoma nyayo za wapitao kwenye miamba. Aliona protini inayojilimbikiza ndani ya yai, kisha hutoweka ghafla kila yai linapogawanyika, kisha huanza kujilimbikiza tena. Akaiita saiklini.

Vipande hivyo viliungana. Protini inayotengenezwa na cdc2 ni kimeng'enya kisichofanya kazi peke yake. Saiklini ikiongezeka hadi kiwango fulani hushikamana nacho na kukiamsha. Kikiamka hubandika fosfati kwenye protini nyingine, nazo ndizo zinazoanzisha mitosisi. Hatua ya kunakili DNA nayo huanzishwa na vimeng'enya vya jamii hiyohiyo, vikiwa na saiklini zao. Kazi ikiisha saiklini husagwa, kimeng'enya hulala, na seli haiwezi kurudi nyuma. Ukaguzi hufanyika kwa kemia hiyohiyo: DNA iliyovunjika huamsha protini zinazokizuia kimeng'enya, basi safari husimama bila mtu kuisimamisha.

Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walichukua hamira ambazo cdc2 yao imeharibika, wakaziingizia jeni za binadamu. Baadhi zikaanza kugawanyika. Jeni ya mtu ilifanya kazi ya jeni ya hamira, ingawa koo zetu ziliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hartwell, Hunt na Nurse walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Mafuta na breki

Hamira ikipata sukari hugawanyika, yamekwisha. Seli ya mwili haina uhuru huo, kwa kuwa inaishi na wenzake. Husubiri ishara za kemikali kutoka kwa majirani. Ishara ikifika hupokewa kwenye utando wa nje, hupita kwa protini kama RAS, hufika kwenye kiini, huamsha jeni kama MYC, na hatimaye saiklini hutengenezwa. Tufikirie seli kama gari: huo ndio mguu unaokanyaga mafuta.

Breki nazo zipo, na mbili zinajulikana sana. Ya kwanza ni protini RB, inayozifunga jeni za kunakili DNA hadi ishara ya kweli ifike. Ya pili ni p53. DNA ikiumia, p53 huusimamisha mzunguko ili ukarabati ufanyike. Jeraha likiwa kubwa mno, huiamuru seli ijiue. Kujiua huko hufanyika kwa mpangilio: seli hujikatakata vipande na majirani huvimeza, bila usaha wala homa. Mabilioni ya seli zetu hufa hivyo kila siku. Vidole vyetu vimetengana kwa sababu tulipokuwa tumboni, seli zilizokuwa kati ya kidole na kidole zilijiua.

Kuna kizuizi kingine. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 tu, kisha hukoma. Ncha za kromosomu hupungua kidogo kila zinaponakiliwa, na zikiwa fupi mno seli hustaafu.

Kosa moja halitoshi

Kwa breki zote hizo, inakuwaje mambo yaharibike? Kwanza, kunakili si kazi isiyo na makosa. Kimeng'enya kinachonakili hukosea takriban herufi moja katika kila 100,000. Hujisahihisha papo hapo, na wakaguzi wengine hupita nyuma yake, hadi makosa yanabaki takriban moja katika kila bilioni. Lakini seli ina herufi bilioni 6, kwa hiyo kila mgawanyiko huacha kasoro chache. Nyingi huangukia mahali pasipo na madhara.

Pili, kuna vitu vinavyoongeza makosa: moshi wa tumbaku, miale ya jua kwenye ngozi, mionzi. Afrika Mashariki tunaye adui mwingine ghalani. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo ikichakatwa na ini hunasa kwenye DNA, na wagonjwa wengi wa saratani ya ini katika maeneo yenye sumukuvu hukutwa na herufi moja ileile iliyobadilika kwenye jeni ya p53. Ukungu huo umeacha alama yake kwenye breki.

Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuharibika kwa mafuta na kuharibika kwa breki. Jeni zetu karibu zote zipo mbilimbili. Mafuta yakikwama kwa nakala moja tu, gari linakimbia. Breki ikiharibika nakala moja, ya pili bado inashika. Mwaka 1971 Alfred Knudson alilieleza hili kwa saratani ya jicho la watoto, ambayo mzazi huweza kuitambua kwa mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha. Watoto waliorithi nakala moja mbovu huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili, kwa kuwa lililobaki ni kosa moja tu. Wasiorithi wanahitaji makosa mawili yaangukie seli ileile, kwa hiyo huugua baadaye kidogo na kwa jicho moja. Jeni yenyewe, RB, ilipatikana mwaka 1986.

Saratani nyingi za watu wazima huhitaji makosa kadhaa. Seli iliyopata kosa la kwanza huzaa zaidi kidogo kuliko majirani zake. Uzao wake ukiwa mkubwa, nafasi ya mmoja wao kupata kosa la pili huongezeka, kisha la tatu. Karibu nusu ya saratani zote zina p53 iliyoharibika. Nyingi huamsha kimeng'enya kinachorefusha tena ncha za kromosomu, hivyo hazistaafu. Baadaye huvuta mishipa ya damu izilishe, na mwisho hupenya mipaka ya kiungo na kusafiri. Uvimbe usiopenya wala kusambaa si saratani. Kusambaa ndiko kunakoua wagonjwa wengi.

Turudi kwenye ile hesabu. Seli bilioni moja zina uzito wa gramu moja hivi, uvimbe wenye upana wa sentimita moja. Ili kufika hapo toka seli moja, imebidi kuongezeka maradufu mara 30. Kutoka hapo hadi kilo nzima zinahitajika mara 10 tu. Kwa hiyo siku mkono unapougusa uvimbe kwa mara ya kwanza, sehemu kubwa ya safari yake imekwisha kupita kimya. Ikiwa huongezeka maradufu kila baada ya siku 100, umetumia zaidi ya miaka 8. Ikiwa ni kila siku, umetumia mwezi mmoja.

Kasi ya Burkitt inatoka wapi

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wanaujua uvimbe ule. Ramani iliyopatikana ilionyesha kwamba ugonjwa upo penye joto na mvua, na hauonekani nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria. Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 kirusi kipya kikaonekana ndani ya seli hizo: kirusi cha Epstein-Barr.

Lakini zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana kirusi hicho, na karibu wote hawaugui saratani hii. Hapa kanuni ya makosa mengi inatusaidia. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli nyeupe za damu aina ya B kugawanyika bila kupumzika. Seli hizi zina desturi ya hatari: hukata kwa makusudi DNA yao wenyewe ili kutengeneza kingamwili za aina nyingi. Siku moja mkato huangukia pasipotakiwa. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hung'oka na kuungwa, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, jirani na swichi ya kingamwili ambayo katika seli hizo huwa imewashwa daima. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1982. MYC imehamia mahali ambapo mafuta hayaachiwi, na kirusi kilichomo husaidia seli isijiue.

Kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa ya saiklofosfamaidi huharibu DNA ya seli zinazojiandaa kugawanyika. Vinkristini, inayotokana na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska, huzuia kamba za mitosisi zisijengeke, basi seli hukwama kwenye kituo cha tatu na kufa. Kwa kuwa karibu seli zote za uvimbe wa Burkitt zimo katika kugawanyika, ugonjwa huu ukawa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake, na kazi hiyo ilifanyika Kampala miaka ya 1960. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzia hapo Mulago mwaka 1967. Na mgonjwa anayepewa dawa hizi anapokatika nywele, kutoka vidonda mdomoni na kupungukiwa damu, sababu ni hiyohiyo: mizizi ya nywele, utando wa mdomo na uboho pia hugawanyika kwa kasi.

Muda ndio nafasi yetu

Saratani nyingi haziendi mbio hivyo, na mwendo huo wa taratibu una faida. Mfano bora ni saratani ya mlango wa kizazi. Husababishwa na virusi vya HPV, jambo lililofichuliwa na Harald zur Hausen mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aina ya 16 na 18 pekee huchangia takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Kirusi hiki hakina zana za kunakili DNA yake, kinahitaji za seli, na seli iliyotulia imezifungia. Kwa hiyo hutengeneza protini mbili: moja huipeleka p53 kusagwa, nyingine huikamata RB. Breki zote mbili zimeondoka kwa pamoja.

Hata hapo saratani haijawa. Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili. Yakibaki, huchukua miaka 15 hadi 20 makosa mengine yajikusanye. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa, miaka 5 hadi 10. Katika kipindi hicho muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja. Seli zilizosongamana, zenye viini vikubwa vilivyojaa protini, hugeuka nyeupe. Zenye afya hubaki na rangi yake. Doa jeupe linaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo. Kwa wasichana ambao bado hawajakutana na kirusi, chanjo hukizuia kisiingie: Rwanda ilianza kuwapa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019.

Ndiyo maana mwanamke huambiwa aende kupimwa akiwa mzima, hana maumivu wala damu. Anayempima hatafuti saratani. Anatafuta seli ambazo breki zake zimelegea lakini bado hazijapata makosa yaliyobaki, na kuziondoa wakati huo ni kazi ya dakika chache.